Majivu ya Jumatano

Mwaka wa 1954, katika cité Albert, mtaa wa watu weusi wa Élisabethville, hapakuwa na mtu wa kusoma telegrami kama Symphorien. Wa kusoma barua walikuwepo, tena wengi, maana shule za misioni zilikuwa zimekwisha kuzaa matunda. Lakini telegrami si barua. Mtumaji anaacha vineno vidogo vyote, anabakiza mifupa mitupu, na msomaji ndiye anayepaswa kuirudishia nyama. Symphorien aliirudisha palepale, amesimama, bila kukuna kichwa. Watu walimpenda kwa hilo, naye, tuseme kweli, alijipenda zaidi.

Alikuwa karani wa posta, kwenye dirisha la watu weusi, na siku zote sita za kazi alivaa tai. Alikuwa amekaa seminari miaka minne akatoka na Kilatini bila kanzu. Mke wake Régine, ambaye ulimi wake haukuwa na kifuniko, alizoea kuwaambia majirani kwamba bwana yake anajua Kifaransa, anajua Kilatini, na neno moja tu ndilo mapadri walilosahau kumfundisha: sijui. Watu walicheka, na Symphorien alicheka pamoja nao. Laiti angelisikia badala ya kucheka.

Ng'ambo ya barabara yao aliishi Adalbert, fundi wa karakana ya treni, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Yeye na Symphorien walitoka Kongolo kwa bateau moja, meli ya mto, wakabatizwa na mupe mmoja, padri yuleyule, na kwa miaka ishirini walikula bukari, ugali wa kwao, kwenye sahani moja. Mke wa Adalbert aliitwa Virginie. Watoto watano walizaa, akabaki mmoja, Clotilde. Masela, watawa wa kike wa misioni, walimsomesha ukunga wakampeleka kufanya kazi Goma, kule Kivu, na mama yake alikuwa hajamwona kwa miaka miwili mizima.

Mwezi wa kwanza wa mwaka ule miguu ya Virginie ilianza kuvimba. Daktari wa lopitali alisikiliza moyo wake, akasema umechoka, mrudisheni nyumbani, mumlishe vizuri, msali. Adalbert si mtoto, alielewa. Symphorien akaandika telegrami ya kumwita Clotilde, na masela wa Goma walikuwa na huruma kuliko ilivyotazamiwa: walimtafutia nafasi katika ndege ya Jumatano, tarehe tatu ya mwezi wa tatu. Mtu mweusi kupanda ndege siku zile! Barabara nzima ilijua. Virginie alitoa pagne mpya, kitenge cha sikukuu, sandukuni akaiweka chini ya mto. Aliwaambia wanawake waliokuja kumwangalia kwamba kufa atakufa, hana ugomvi na hilo, ila atamwona mtoto wake kwanza.

Basi Jumanne mchana, siku moja kabla ya ndege, ikaja telegrami. Symphorien aliipokea mwenyewe posta, akaitia mfukoni bila kuifungua, maana alipenda kuzifungulia barzani mbele ya watu. Barza ya Adalbert ilikuwa na watu kama kumi na mmoja siku ile, pamoja na Kabwe, kaka mkubwa wa Virginie, mzee asiyewapenda makarani hata kidogo. Symphorien akaichana, akasoma:

AVION MERCREDI SUPPRIME CENDRES STOP ATTENDRE OU PRENDRE ROUTE STOP REPONDEZ VITE STOP CLOTILDE

Mifupa hiyo. Sasa angalieni nyama aliyoiweka. Mashini ya telegrami haiandiki zile alama ndogo ambazo Wafaransa wanaziweka juu ya herufi. Neno "supprime", likiwa na alama yake mwishoni, maana yake imefutwa. Likikosa alama, maana yake nafuta, mimi mwenyewe. Na "cendres" ni majivu. Majivu, Jumatano! Kesho yake ilikuwa Jumatano ya Majivu, Kwaresima inaanza, kule misioni matawi ya mitende ya mwaka jana yalikuwa yamekwisha kuchomwa ili watu wapakwe majivu yake. Mkatoliki gani angeona kitu kingine? Mtumaji ameacha vineno vidogo ili kufupisha, kama wafanyavyo wote. Kwa hiyo Symphorien akawasomea kwa sauti ya mimbari: Clotilde anasema nafuta ndege ya Jumatano kwa sababu ya Majivu, je, ningoje ndege nyingine au nishike njia, nijibuni haraka.

Adalbert akauliza kama ni Clotilde mwenyewe aliyefuta. Hapo Symphorien akasikia kitu kikimfinya ndani, kidogo tu, kama kijiwe ndani ya kiatu. Binti anaitwa kwa mama yake mgonjwa, anapewa ndege, anaikataa kwa ajili ya kupakwa majivu kwenye paji la uso? Kutoka pale hadi posta ni dakika ishirini kwa baiskeli. Angeweza kusema ngojeni nikaulize. Lakini watu kumi na mmoja walikuwa wakimtazama, na mdomo wa Kabwe ulikuwa umeanza kupinda upande.

Symphorien akanyoosha tai yake. Akaeleza kwamba masela ni wakali, kwamba msichana aliyelelewa nao hawezi kusafiri siku kama ile, kwamba ni sheria ya Kanisa. Hakuna sheria kama hiyo. Aliitunga pale pale, na ilitoka mdomoni ikiwa nzuri hata yeye akaiamini.

Likabaki jibu. Njia ya chini ilikuwa ya wiki mbili: lori mpaka Bukavu na Uvira, bateau ya ziwa mpaka Albertville, treni mpaka Kabalo, bateau tena ya mto Lualaba mpaka Bukama, halafu treni hadi Élisabethville. Ndege nyingine ilikuwa Jumamosi ileile. Nani angechagua wiki mbili mbele ya siku nne? Adalbert akakubali, Symphorien akaandika maneno matatu, ATTENDRE AVION SAMEDI, akayapeleka posta kabla dirisha halijafungwa.

Adalbert akaingia ndani kumwambia mkewe. Régine alikuwa ameketi kitandani kwa Virginie akimkanda miguu, na yeye ndiye aliyesikia. Virginie akasema, polepole, "Muzuri. Mungu mbele, mama nyuma." Akageukia ukutani.

Régine alimsimulia mumewe hayo akiwa anasonga bukari. Alipomaliza alimwuliza kama ana hakika na ile telegrami. Symphorien akasema ana hakika.

Jumatano wote walikwenda misa, wakapakwa majivu, wakarudi na mapaji ya uso meusi. Alhamisi Symphorien alikuwa kazini, na gunia la barua za Kivu halikufika. Shefu wa posta, Mbelgiji mmoja wa kiko, alinung'unika kwamba ni yale majivu bado. Symphorien, akibandika stempu zake, aliwaza kwamba wazungu wa Kivu kumbe ni watu wa dini sana, wanafunga siku mbili. Jamani! Mtu akitaka kupotea, hata kibao cha njia hukisoma anavyotaka yeye.

Ijumaa gunia halikufika tena. Kama saa nne asubuhi shefu alifungua gazeti akaanza kumsimulia mwenzake: mlima wa moto kule nyuma ya Goma ulipasuka tangu mwisho wa mwezi wa pili. Ulikuwa ukitema majivu mchana na usiku, uwanja wa ndege ulikuwa umefunikwa, na marubani walikataa kutua kwa sababu majivu yale yanaingia katika mashini na kuzisaga. Malori, akasema, bado yanapita kwenye njia ya Sake kwenda Bukavu, wanawasha taa mchana, ila hakuna ajuaye mpaka lini. Symphorien alisikiliza akiwa na muhuri mkononi. Aliigonga bahasha moja mara tatu.

Hapo alijua. Ile alama iliyokosekana ilirudi yenyewe juu ya neno lake. Ndege ya Jumatano imefutwa: majivu. Mtoto wa watu hakufuta kitu. Aliuliza swali la maana kabisa, angoje au aondoke, tena akaomba ajibiwe haraka, na yeye Symphorien alimjibu angoje ndege isiyokuja.

Mashini ya telegrami ilikuwa hatua sita kutoka kwenye kiti chake. PRENDRE ROUTE, maneno mawili. Saa sita mchana Clotilde angekuwa juu ya lori, na siku zilizopotea zingekuwa tatu tu. Lakini telegrami ya Adalbert haitumwi bila Adalbert, na Adalbert angeuliza kwa nini. Symphorien akaona barza, akaona watu kumi na mmoja, akaona mdomo wa Kabwe, akasikia sauti yake mwenyewe ikisema sheria ya Kanisa. Akaanza kujidanganya polepole. Ni kipindi cha mvua. Mvua itayatuliza yale majivu leo jioni. Kesho ndege itaruka, Clotilde atashuka, watakumbatiana, na nani atakumbuka kuulizia telegrami? Akachukua bahasha nyingine, akaendelea kugonga.

Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Symphorien ulimi alijikwaa Jumanne, na hilo lingesameheka, maana nani hajawahi? Kilichomla baadaye, miaka na miaka, kilikuwa ile Ijumaa saa nne.

Jumamosi Adalbert aliomba ruhusa kazini, akavaa koti lake la Pasaka, akaenda Luano kwenye uwanja wa ndege. Symphorien alimfuata baada ya kazi ya asubuhi. Walisimama kwenye ua wa waya mpaka saa kumi. Ndege mbili zilishuka, moja ya Léopoldville, nyingine ya Rhodesia. Kila ilipofunguliwa mlango Adalbert alivua kofia. Mwishowe aliuliza kuna nini, na Symphorien, aliyekuwa na nafasi nyingine tena mkononi mwake, alisema labda mashini imeharibika.

Jumatatu telegrami nyingine iliwafikia: PARS ROUTE CLOTILDE. Ninaondoka kwa njia ya chini. Ilikuwa imetumwa Jumapili. Hiyo haikuwa na la kukosea.

Virginie akaanza kungoja treni. Kutoka nyumbani kwao kengele na filimbi za stesheni zilisikika vizuri, na baada ya wiki alikuwa akijua ipi ni ya Bukama na ipi ni ya Sakania. Chakula alikiacha, kisha maji alikuwa akiyanywa kwa kijiko. Symphorien alikwenda kumwona kila jioni, akakaa kwenye kiti kilekile, na kila jioni alimkuta Adalbert akimshukuru. Maneno ya shukrani yalimchoma kuliko matusi. Nyumbani aliacha kula nyama, akamwambia Régine ni Kwaresima, na Régine akamtazama kwa muda mrefu bila kusema neno, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Ijumaa tarehe kumi na tisa, alasiri, Virginie alikufa. Jumamosi wakamzika na ile pagne mpya. Symphorien alihesabu, hakuweza kujizuia kuhesabu: kama Clotilde angeondoka Jumatano ile ya kwanza, malori yakiwa bado yanapita, angefika siku mbili kabla. Hata angeondoka Ijumaa ya gazeti, angefika asubuhi ileile, mama yake akiwa na pumzi.

Alifika Jumatatu. Alishuka treni amekonda, macho mekundu, na kitambaa chake cha kichwa, kilichokuwa cheupe, kilikuwa na rangi ya sufuria. Alianguka mlangoni kwa kilio na wanawake wakampokea. Baadaye, alipoweza kusema, aliwasimulia. Alipoona Jumamosi imepita bila ndege, aliondoka na sanduku kichwani, lakini wakati huo malori yalikuwa yamesimama, yamejaa mchanga mweusi kwenye pua zake, madereva wameketi chini ya turubai wakikohoa. Alitembea siku mbili na nusu, watu wamejifunika majani ya migomba, mbuzi hawana hata jani moja safi la kula. Aliivuka sehemu ya ziwa Kivu kwa mtumbwi, na mpiga kasia alikuwa akichota majivu kutoka ndani kama wengine wanavyochota maji. Akafungua sanduku akatoa kopo la maziwa lililojaa unga mweusi, mzito. Alikuwa amemletea mama yake. Virginie alizisugua sufuria zake kwa majivu siku zote, akidai sabuni haina nguvu, na Clotilde aliona kwamba haya ya mlima yanang'arisha kuliko ya kuni.

Hayo yote yalisemwa upande wa wanawake. Adalbert alikuwa upande wa wanaume. Binti yake alipokuja kumpigia magoti alimpa mkono, akasimama, akaenda kuangalia kuni. Wanawake wa barabara ile nao walinong'ona, kwamba huyo ndiye aliyebaki kwa Majivu.

Kesho yake walimaliza kilio. Kwao desturi ni hii: tangu siku ya kifo moto unawaka uani, hauachwi kuzimika, na siku ya mwisho, kabla ya kuumwagia maji, mkubwa wa ukoo anasimama na ndoo na kuwaambia watu kwamba mwenye neno aliseme sasa. Moto ukizimwa na majivu yakizolewa, neno nalo limezolewa. Atakayelitoa baadaye ni mchawi. Kabwe alisimama na ndoo. Symphorien alikuwa safu ya pili, na tai.

Adalbert ndiye aliyeanza. Hakusimama. Alimwambia Clotilde, macho kwenye moto, "Mama yako alikungoja mpaka mwisho. Weye ulibakia na Majivu yako."

"Majivu yangu namna gani, tata? Majivu ilifunga ndeke. Ni weye uliniambia ningoje."

Watu wakageukiana. Clotilde alikwenda ndani akarudi na lile kopo, akalimimina kidogo kwenye kiganja cha baba yake, na Adalbert akaukodolea macho ule unga mweusi kama mtu aliyepewa kitu cha mtu mwingine. Kabwe akasema basi karatasi yenyewe iseme. Ilikuwa ndani ya kitabu cha sala cha Virginie. Adalbert angeweza kumpa binti yake aisome, Kifaransa alikijua kuliko wote, lakini mazoea ni mazoea: aliinyoosha kwa Symphorien, akamwomba asome tena.

Symphorien alisimama akaisoma, safari hii polepole. Akaeleza juu ya mashini isiyoandika alama, juu ya "supprime" mbili, juu ya vineno "kwa sababu ya" alivyoviongeza kati ya Jumatano na majivu wakati Clotilde hakuviandika. Akasema alikosea. Akasema sheria ya Kanisa haikuwepo.

Na watu, ee, watu wana huruma. Mzee mmoja akasema hata yeye angekosea, siku yenyewe ilikuwa ya Majivu. Mwingine akailaumu mashini. Clotilde alikuwa akilia, lakini safari hii alikuwa ameegemea bega la baba yake, na Adalbert aliitikia kwa kichwa, akasema ni kosa, karani ni mtu, mtu anakosea. Hata Kabwe hakucheka. Aliinua ndoo. Mambo yalikuwa yamekwisha, na Symphorien alikuwa ametoka salama, jina lake halijachafuka sana. Alichotakiwa kufanya ni kukaa chini.

Alimwona Régine upande wa wanawake. Régine hakuwa akilia, alikuwa akimtazama tu. Ndoo ikainama.

"Mungoje kwanza," Symphorien akasema. "Siku ya pili, ile Jumanne, nilisoma mubaya, ile ni kweli. Lakini siku ya tano, Ijumaa, nilijua. Nilisikia posta habari ya mulima. Malori ilikuwa ingali inapita. Nilijua, nikaona haya, nikanyamaza."

Maji machache yalimwagika kutoka ndooni yakachemka ukingoni mwa moto. Clotilde ndiye aliyeuliza kwanza, na hakumwuliza Symphorien. Alimwuliza baba yake kama mama naye aliambiwa hivyo, kwamba yeye alibaki kwa ajili ya misa. Adalbert akasema ndiyo. Akauliza mama alijibu nini. Adalbert alikataa kusema. Akamwomba mara ya pili, akamwomba mara ya tatu, na mwishowe Régine ndiye aliyelitamka, kwa sababu ni yeye aliyelisikia kitandani: Muzuri, Mungu mbele, mama nyuma.

Clotilde alikaa chini udongoni na kopo lake mapajani.

Adalbert akasimama. Symphorien alidhani anakuja kumpiga na akatamani ampige, ingekuwa nafuu. Adalbert aliichukua ile karatasi, akaiweka tena mkononi mwa Symphorien, akavikunja vidole vyake juu yake kwa mikono miwili, taratibu, kama alivyozoea kufunga skrubu.

"Siye umetusomea," akasema. "Virginie, nani atamusomea?"

Kabwe akamwaga maji.

Asubuhi iliyofuata Clotilde aliamka akachukua sufuria kubwa ya mama yake akaisugua kwa majivu ya Goma mpaka ikawa kama fedha. Akaifunga katika kitambaa akaelekea makaburini pamoja na baba yake, na Symphorien aliwafuata nyuma, mbali kidogo, bila tai. Hakuna aliyemwita na hakuna aliyemfukuza. Clotilde aliiweka sufuria kichwani pa kaburi, kifudifudi. Kisha yeye na baba yake wakasogea pembeni, wakampisha.

Symphorien akaifungua karatasi. Miaka yote ile aliwasomea telegrami watu zaidi ya elfu na sauti yake haikuwahi kukwama. Safari hii ilikwama kwenye neno la kwanza, akaanza upya. Alisoma kwa Kiswahili, hakuongeza kitu, hakurudisha hata kineno kimoja. "Ndeke ya siku ya tatu imefutwa. Majivu. Ningoje, ao nishike njia?"

Halafu yakabaki yale maneno mawili ya mwisho, kabla ya jina. Alikuwa ameyasoma Jumanne ile barzani, ameyapita haraka kama yapitwavyo siku zote, maana kila telegrami inayo. Sasa aliyatazama. Yalikuwa yameandikwa kwake, si kwa mwingine, na yalikuwa yakingoja bado.

"Jibuni haraka," akasoma, akasimama pale na karatasi mkononi.